Kenya na Karibiani: Undugu ni Kufaana, si Kufanana

Na mwanachama, Kidato cha 3 Mashariki

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa undugu ni kufaana, si kufanana. Msomaji mpenzi, methali hii tumeiandika mara ngapi katika insha zetu? Mimi binafsi nimepoteza hesabu. Nimeitumia kwa jirani aliyempeleka mgonjwa hospitalini, kwa rafiki aliyeniazima kalamu siku ya mtihani, na hata kwa mbwa aliyemwokoa bwana wake mtoni. Lakini sikuwahi kuipima kwa nchi na nchi mpaka mwaka wa 2024, wakati mjomba wangu, ambaye ni askari polisi, alipoambiwa kuwa ataenda Haiti.

Jioni ile tulikuwa jikoni. Nyanya akauliza, "Haiti ni wapi?" Sote tukatazamana. Mama akasema nadhani ni Marekani. Mdogo wangu akadakia ati ni huko kwa akina Bob Marley. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wa nyumba, niko kidato cha kwanza, na hata mimi sikujua! Ikabidi nichukue atlasi. Nikaitafuta kwa kidole mpaka nikaipata: sehemu ya kisiwa, mashariki mwa Kuba, imepakana na Jamhuri ya Dominika. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 12,000. Nyanya akautazama ule ukurasa kwa muda, kisha akauliza swali la pili: "Na hao watu, wanatujua?"

Hakuna aliyemjibu. Makala haya ndiyo jibu langu kwake, ingawa limechelewa. Nataka kuwashawishi wenzangu, na walimu wetu pia, kuwa uhusiano wa Kenya na visiwa vya Karibiani ni jambo jema na la zamani, lakini tunaushika kwa ncha isiyofaa. Tuliwapelekea askari kabla ya kuwapelekea salamu.

Tuanze na deni letu wenyewe. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati moja ambayo wenzetu wa bweni hawana, kwamba tunapita mjini kila siku. Kila asubuhi mimi hupita karibu na jumba la makumbusho la Kapenguria. Nimelizoea hata siligeukii tena. Humo zimo seli walimofungiwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Hayo kila mtoto wa hapa anayajua. Tusilolijua wengi ni nani waliowatetea.

Kesi ile ilianza Novemba 1952. Serikali ya kikoloni iliichagua Kapenguria kwa sababu ilikuwa mbali na kila kitu. Hapakuwa hata na hoteli. Kesi ilisikizwa katika chumba cha shule, na mawakili walilazimika kulala Kitale na kusafiri karibu kilomita 40 kila siku katika barabara ya vumbi. Kiongozi wao alikuwa Mwingereza, D. N. Pritt. Pamoja naye walikuwamo Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na mawakili wa Kenya wenye asili ya Kihindi. Na alikuwamo mmoja aliyezaliwa Panama na kulelewa Jamaika. Jina lake Dudley Thompson.

Hebu fikiri. Mtu wa Jamaika, mwaka wa 1952, amekuja huku kwetu ambako hata watu wa Nairobi walikuwa hawajawahi kufika! Kilichomleta ni nini? Hakuwa jamaa ya mtu. Hakutumwa na serikali, kwa maana Jamaika yenyewe ilikuwa bado koloni la Uingereza na ilipata uhuru mwaka wa 1962. Alikuja kwa sababu aliona kesi ya Mwafrika wa Kenya ni kesi yake pia. Na jambo hili ningependa ulikumbuke tutakapofika mbele: Thompson hakuruka moja kwa moja kutoka Kingston. Alikuwa tayari anaishi na kufanya kazi ya uwakili Moshi, Tanganyika. Alijua watu wa Afrika Mashariki wanaishije. Alitujua kwanza, kisha akatusaidia.

Kesi walishindwa. Aprili 8, 1953, washtakiwa walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Lakini rafiki hapimwi kwa ushindi tu. Aliyekaa nawe siku ya kushindwa ndiye wa kukumbukwa.

Nao wa kule walitukumbuka. Wapenzi wa rege mnaokaa kiti cha nyuma kwenye matatu, mnamjua yule mwimbaji wa Jamaika aitwaye Burning Spear? Jina hilo maana yake ni mkuki unaowaka, na alilichukua kutoka kwa sifa ya Mzee Kenyatta. Kwa hivyo mtoto wa Jamaika alipanda jukwaani na jina la Kenya, ilhali sisi tunaimba nyimbo zao na kuvaa kofia zao bila kujua kuwa walianza wao kutuimba. Nyanya, jibu ni hilo: ndiyo, walitujua. Sisi ndio hatukuwajua.

Na Haiti je? Hapo ndipo aibu yangu ilipozidi. Kidato cha pili tulifundishwa biashara ya watumwa ya kuvuka Atlantiki. Tukakariri chanzo na matokeo, tukapata alama, tukafunga daftari. Lakini darasani mwetu hakuna aliyetaja kuwa watumwa wa koloni moja la Ufaransa waliasi mwaka wa 1791, wakapigana miaka zaidi ya kumi, wakalishinda jeshi la Napoleon, na Januari 1, 1804 wakatangaza nchi yao huru. Nchi hiyo ndiyo Haiti. Kiongozi wao Toussaint Louverture alikuwa amezaliwa mtumwa. Wafaransa walimkamata kwa hila na akafia gerezani Ufaransa mwaka wa 1803, miezi michache tu kabla ya uhuru. Aliyeutangaza uhuru ni Jean-Jacques Dessalines.

Yaani, miaka 159 kabla ya Kenya kupata bendera, watu wenye asili ya Afrika walikuwa wameshaondoa minyororo yao kwa mikono yao wenyewe. Na walilipishwa kwa kosa hilo! Mwaka wa 1825 Ufaransa ilileta manowari na kudai faranga milioni 150, ati ni fidia ya mali iliyopotea. Katika mali hiyo walihesabiwa watu wenyewe. Mtumwa akatakiwa kumlipa bwana kwa kukosa kuwa mtumwa. Baadaye kiasi hicho kilipunguzwa hadi milioni 90, lakini Haiti ilikopa ili kulipa, na madeni yaliyotokana na jambo hilo hayakwisha mpaka 1947. Mtu akikuambia Haiti ni maskini kwa sababu watu wake ni wavivu au wamelaaniwa, mwambie kwanza akasome hesabu hiyo.

Sasa tuje kwenye uhusiano wa kiserikali. Nchi nyingi za Karibiani zimo katika Jumuiya ya Karibiani, ile ifupishwayo CARICOM, iliyoanzishwa mwaka wa 1973. Makao yake makuu yako Georgetown, Guyana, na ina wanachama 15. Haiti ilikuwa mwanachama kamili mwaka wa 2002. Agosti 2019 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alizuru Jamaika wakati wa sherehe zao za uhuru, akazuru na Barbados. Septemba 7, 2021 Kenya iliandaa mkutano wa kwanza wa viongozi wa Afrika na Karibiani, na kwa sababu ya korona ukafanywa kwa video. Wa pili ulifanyika Addis Ababa Septemba 2025.

Kuna wanaouliza: visiwa vidogo vile vina faida gani kwetu? Wana mafuta? Hapa naomba tutulie. Katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kila nchi ina kura moja. Barbados, ambayo watu wake hawajazi hata kaunti moja kubwa ya Kenya, ina kura moja sawasawa na Uchina. Juni 2020 Kenya iliposhindana na Djibouti kuwania kiti cha muda katika Baraza la Usalama, ilipata kura 129 katika duru ya pili ikashinda. Kura kama hizo haziokotwi barabarani. Hutafutwa kwa kutembeleana na kusalimiana, na visiwa vile ni miongoni mwa milango iliyobishwa.

Kisha kuna mambo ya hali ya hewa, ambayo sisi wa Pokot Magharibi hatuhitaji kuhadithiwa. Novemba 2019 mvua ilinyesha usiku, milima ikaporomoka, na zaidi ya watu 40 wakafukiwa katika kaunti yetu. Baadhi yetu tuliwapoteza jamaa. Oktoba 2025 kimbunga Melissa kiliikumba Jamaika, paa zikang'oka na mashamba yakaangamia, na mafuriko yake yakaua watu Haiti. Sisi na wao hatuna viwanda vikubwa vya kuichafua hewa ya dunia, lakini sisi na wao ndio tunaozika. Ndiyo sababu Kenya, Barbados na Ufaransa ziliongoza kikosi kazi kilichozinduliwa mwaka wa 2023 kutafuta aina za kodi za kimataifa zitakazochangia gharama ya mambo haya. Huo, kwa maoni yangu, ni ushirikiano wa kweli, kwa sababu wenye kidonda kimoja wanatafuta dawa moja.

Nisije nikadai kuwa kila ushirikiano wetu na watu wa kule umekwenda sawa. Mwaka wa 2018 Kuba ilituletea madaktari 100, wakasambazwa katika kaunti mbalimbali. Wagonjwa wengi walifurahi. Lakini madaktari wetu walilalamika kuwa wenzao wapo nyumbani bila kazi, na lugha ikawa taabu, maana Wakuba husema Kihispania. Aprili 2019 madaktari wawili walitekwa nyara Mandera. Mwishoni mwa 2023 serikali ikatangaza kuwa mkataba hautaendelea. Mpango wenye nia njema ukaisha, na ukituuliza leo tulijifunza nini juu ya Kuba, nadhani wengi tutakuna vichwa.

Na sasa Haiti. Julai 7, 2021 Rais wa nchi hiyo, Jovenel Moïse, aliuawa nyumbani kwake usiku. Wanachama wa chama chetu, tarehe hiyo mnaijua. Mwaka huohuo, mwezi wa Novemba, UNESCO iliitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, kwa kukumbuka uamuzi wa chama cha TANU wa mwaka wa 1954. Kwa hivyo siku tunayokata keki na kukariri mashairi ndiyo siku wenzetu wa Haiti wanayokumbuka msiba.

Baada ya mauaji hayo magenge yaliteka sehemu kubwa ya mji mkuu, Port-au-Prince. Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 5,600 waliouawa mwaka wa 2024 pekee, na mwanzoni mwa 2025 zaidi ya watu milioni moja walikuwa wamehama makwao. Haiti iliomba msaada. Wakubwa walitazama kando. Julai 2023 Kenya ikasema itaongoza kikosi na kutoa askari 1,000. Oktoba 2, 2023 Baraza la Usalama likaidhinisha.

Katika mdahalo wetu wa muhula uliopita tulijadili kama Kenya ilifanya vyema. Ukumbi ulichemka! Upande wa upinzani ulitoa hoja tatu nzito, na ningekuwa mnafiki nikisema hazikuniingia.

Ya kwanza, ati mtu hawezi kuzima moto kwa jirani na kwake kunaungua. Juni 25, 2024, siku ileile kundi la kwanza la askari 400 lilipotua Port-au-Prince, vijana wa Kenya walikuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha, Bunge likavamiwa, na vijana wakauawa kwa risasi. Mjomba alituambia baadaye kuwa waliiona picha ya Nairobi kwenye simu wakiwa ugenini. Hakuna aliyesema neno. Nami nilikuwa kwenye mkeka sebuleni, redio ikisoma habari mbili kwa pumzi moja, kwamba askari wetu wamefika Haiti kuleta amani, na mji wetu mkuu unawaka. Sina jibu la hoja hii. Nasema tu kuwa maumivu ya nyumbani hayafanyi maumivu ya jirani kuwa ya uwongo. Lakini pia anayefundisha adabu ng'ambo lazima ajiangalie kioo.

Hoja ya pili ilikuwa ya historia. Haiti imeshaona wageni wengi wenye bunduki. Marekani iliitawala kijeshi kutoka 1915 hadi 1934. Kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikaa kutoka 2004 hadi 2017, na mwaka wa 2010, baada ya tetemeko la ardhi, kipindupindu kiliingia kupitia kambi yake, kikaua watu karibu 10,000. Umoja wa Mataifa uliomba radhi mwaka wa 2016. Kwa hiyo Mhaiti akimwona mgeni mwingine na sare, hata kama ni mweusi kama yeye, usimlaumu akikunja uso. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ya tatu ilikuwa ya sheria, na hii ndiyo niliyoipenda zaidi. Januari 26, 2024, Mahakama Kuu ilisema kuwa kupeleka polisi kule bila makubaliano maalumu ni kinyume cha sheria. Sheria yetu inataka kuwe na makubaliano ya kutendeana, yaani lile tufanyalo kwao, nao waweze kulifanya kwetu. Mkataba ukatiwa saini Nairobi Machi 1, 2024, Waziri Mkuu wa Haiti wa wakati huo, Ariel Henry, akiwepo. Magenge yakafunga uwanja wa ndege, naye hakuweza kurudi kwao, na mwishowe akaacha kazi.

Wengi wanaiona hukumu ile kama kizingiti cha mawakili tu. Mimi naiona kama methali iliyoandikwa na jaji. Si ndiyo ileile, undugu ni kufaana? Kufaana! Sarufi yenyewe inatufundisha. Mwalimu wetu husema kiambishi -an- ni cha pande mbili: kupendana, kusaidiana, kujuana. Ukikiondoa unabaki na kusaidia, na anayesaidia yuko juu, anayesaidiwa yuko chini. Kiambishi hicho kimoja ndicho kilichokosekana katika uhusiano wetu na Haiti.

Naomba nieleze kwa kisa cha mjomba mwenyewe. Alirejea kabla ya Krismasi ya 2025, amekonda lakini mzima. Tulichinja. Wageni walipoondoka alikaa nje na mimi, akaanza kusimulia taratibu kama mtu anayetoa mwiba.

Alisema siku moja walikuwa wamefunga njia kwa sababu kulikuwa na milio ya risasi mbele. Akaja mama mmoja, mtu mzima, ana ndoo mkononi. Akawa anasema neno moja akionyesha mbele, "Dlo, dlo." Mjomba hakumwelewa. Alidhani labda anaonya kuna hatari, au anamtaja mtu fulani. Mkalimani alikuwa gari lingine. Basi akamwashiria kwa mkono arudi alikotoka. Mama akarudia neno lake, mjomba akarudia mkono wake. Mwishowe yule mama akageuka akaenda zake na ndoo tupu.

Jioni mjomba akamwuliza mkalimani, "Dlo ni nini?" Akaambiwa, "Maji."

"Mpwa wangu," aliniambia, "nimesafiri nusu ya dunia kumlinda yule mama, na kitu nilichomfanyia ni kumnyima maji. Ndoo aliyobeba ni kama ya mama yangu. Ningejua neno moja tu, ningemtafutia njia nyingine."

Sikumwuliza zaidi. Nilikumbuka usiku mmoja wa mwisho wa Februari 2025, redio ilipotangaza kuwa askari mmoja wa Kenya ameuawa Haiti. Jina halikutajwa kwanza. Mama alipiga simu mara nyingi, haipiti. Nyanya alikaa kitini mpaka alfajiri, shuka mabegani, hakusema kitu. Mjomba alipopiga hatimaye, mama hakuweza kuzungumza, nikachukua simu mimi. Tulishukuru Mungu. Kisha tukaona haya kwa kushukuru, kwa sababu tulijua nyumba nyingine simu haikulia. Wengine pia hawakurudi wakiwa hai baada ya hapo. Ndiyo maana nasema jambo hili si la mabalozi na mawaziri peke yao. Linafika jikoni.

Wale mama na askari hawakuwa maadui. Walikuwa watu wawili wenye rangi moja ambao hawakuwa na neno moja la kuzungumza. Watu wa Haiti husema Krioli. Maneno yake mengi yana asili ya Kifaransa, lakini ni lugha kamili yenye sarufi yake. Kwa miaka mingi ofisi na mahakama zilitumia Kifaransa, ambacho wananchi wengi hawakukijua, mpaka katiba ya 1987 ilipoifanya Krioli kuwa lugha rasmi pamoja na Kifaransa. Msomaji mpenzi, habari hii haikukumbushi lugha fulani? Kiswahili chetu kilikuwa lugha ya soko na ya baraza ilhali Kiingereza ndicho cha ofisini, mpaka katiba ya 2010 ilipokifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tulikuwa na mengi ya kuzungumza na watu wale. Tukafika kimya.

Mkumbuke Dudley Thompson. Alikaa Moshi kwanza. Alitujua, ndipo akasimama mahakamani.

Septemba 30, 2025 Baraza la Usalama liliamua kuunda kikosi kipya na kikubwa zaidi cha kupambana na magenge mahali pa kile kilichoongozwa na Kenya. Wengine watasema basi, kazi yetu imekwisha, tufunge ukurasa. Nasema la hasha! Askari wakirudi ndipo urafiki unapaswa kuanza, la sivyo itakuwa kama mambo ya Kuba, tumekutana, tumeagana, hatukujuana.

Tufanye nini basi? Sina mamlaka yoyote, mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye hata karo hajamaliza. Lakini mwenye shoka hakosi kuni, na shoka letu ni kalamu. Nina maombi matatu.

Kwa wakubwa wanaotia saini mikataba, naomba mikataba hiyo isomwe kwa wananchi kwa Kiswahili kabla ya ndege kuruka. Nyanya yangu alimtoa mwanawe. Alistahili kujua anakwenda wapi, kufanya nini, kwa muda gani, na Kenya inapata nini.

Kwa walimu wetu wa Historia, tunaomba nusu saa tu ya Haiti na Karibiani, hata kama haitakuwa katika mtihani. Na tukienda makumbusho, tuambiwe pia habari za wale waliolala Kitale na kuja na vumbi kila asubuhi.

Na kwetu sisi wa Chama cha Kiswahili: Julai 7 ijayo, kabla ya mashairi na keki, tusimame kimya dakika moja kwa ajili ya Haiti. Kisha tuandike barua. Tutafute shule moja ya Jamaika, au ya Haiti ikiwezekana, tuwaandikie tunavyoishi, nao watuandikie. Tuwafundishe maneno kumi ya Kiswahili, watufundishe kumi ya Krioli. Si kazi ya bajeti. Ni stempu na subira tu, na kama kuna mwalimu mwenye simu nzuri, hata stempu haihitajiki.

Mimi nimeshaanza orodha yangu. Mjomba alinipa maneno matatu aliyorudi nayo. Bonjou ni salamu. Mèsi ni asante. Na la tatu mnalijua sasa. Nimelifundisha nyumbani, na nyanya akinituma mtoni siku hizi hasemi tena lete maji. Hunipa mtungi akasema, "Dlo." Mama hucheka. Mjomba akiwepo hacheki.

Wenye maoni tofauti wakaribie, tutakutana kwenye mdahalo.